MV Liemba: tunabishania umri wa meli wakati shida iko kwenye safari

Tangu serikali iamue kuifanyia MV Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, ukarabati mkubwa pale Kigoma, mjadala umekuwa ule ule kila habari mpya ikitoka. Kundi moja linasema hii ni hazina, meli iliyojengwa 1913, imepita vita vya dunia na bado ipo, kwa hiyo lazima irudi majini hata ikigharimu kiasi gani. Kundi la pili linasema ni chuma chakavu, hela za walipa kodi zinamwagwa kwenye meli ya enzi za Mjerumani, si bora inunuliwe mpya tu tumalizane. Mimi naona makundi yote mawili yamekodolea macho bodi na injini, ndo maana yanabishana mwaka wa ngapi sijui na hakuna anayemshawishi mwenzake. Swali la Liemba ni swali la safari: nani ana jukumu la kuhakikisha kuna meli inatoka Kigoma siku inayojulikana, inapita vijiji vya mwambao vyote mpaka Kasanga na Mpulungu ya Zambia halafu inarudi, mwaka mzima, hata kwenye miezi ambayo haiingizi faida. Kama hilo halina jibu basi meli ikarabatiwe ing'ae vipi itarudi kufungwa gatini ndani ya miaka michache, na hiyo mpya mnayoitaka nayo itakuja kufungwa pembeni yake.

Historia yake wengi mnaijua kwa juu juu, mimi nitaipitia kwa kitu kimoja tu ninachotaka mkione. Meli ilijengwa Papenburg Ujerumani na kiwanda cha Meyer, ikapewa jina Graf von Götzen, jina la gavana wa zamani wa Kijerumani huku kwetu. Ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000, ikaja kwa meli mpaka Dar es Salaam na kutoka hapo ikapanda reli ya kati ambayo ilikuwa ndo kwanza imefika Kigoma. Mafundi watatu walitumwa na kiwanda kuja kusimamia kazi ya kuiunga, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, lakini waliobeba, waliopiga ribiti na kusukuma vyuma vile walikuwa vibarua wa huku ambao majina yao hakuna aliyejisumbua kuyaandika, na hilo kwa kweli huwa linaniuma kila nikisoma habari za hii meli. Ikashushwa majini Februari 1915 vita ishaanza. Julai 1916 Wajerumani walipoona wanazidiwa na wanatakiwa kuondoka Kigoma waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, ila kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka injini grisi nzito ili siku ikiibuliwa iwe bado ina maisha. Wabelgiji wakaiibua, ikazama tena, Waingereza wakaja kuiibua 1924, wakaitengeneza, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 ikatolewa injini za mvuke ikawekewa za dizeli. 1993 ikakarabatiwa tena kwa msaada wa Denmark.

Sasa angalieni kitu gani kimejirudia hapo. Kila mara hii meli ilipofufuliwa kulikuwa na mtu anayeihitaji kwa kazi maalum na yuko tayari kulipia hiyo kazi. Mjerumani alitaka kulishika ziwa. Mwingereza alikuwa na reli inayoishia Kigoma na mbele yake ni maji tu, reli bila meli ilikuwa inaishia ukingoni, kwa hiyo Liemba iliendeshwa na shirika la reli kama kipande cha reli kilichoendelea juu ya maji, mtu anatoka Dar na treni anapokelewa na meli mpaka Mpulungu. Baada ya uhuru ikaendelea hivyo hivyo chini ya mashirika ya reli, kwanza la Afrika Mashariki na baadae la Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1990 huduma za meli zikatenganishwa na reli zikawa kampuni inayojitegemea, Kampuni ya Huduma za Meli, ambayo siku hizi ndo TASHICO. Na hapo ndo kwa maoni yangu tatizo lilipoanzia, ingawa halisemwi. Meli iliyokuwa sehemu ya mtandao mkubwa, ambapo hasara ya kipande kimoja inabebwa na faida ya kingine, ghafla ikatakiwa ijitegemee yenyewe kwenye ruti ambayo haijawahi kujengwa kwa ajili ya kutengeneza faida.

Maana iangalieni hiyo ruti yenyewe. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kama kilomita 670, ni jembamba na lina kina cha kutisha, karibu mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Upande wetu milima inashuka mpaka majini sehemu nyingi. Liemba ilikuwa inaondoka Kigoma mchana, inashuka kusini, Lagosa, Ikola, Karema, Kabwe, Kirando, Kipili, Kala, mpaka Kasanga halafu inavuka mpaka inaingia Mpulungu Zambia, na inageuza. Safari nzima ya kwenda ni kama siku mbili na zaidi kidogo kwa sababu inasimama sana, na inasimama kwenye maji. Vituo vingi havina gati. Meli inapiga honi usiku wa manane mbele ya kijiji ambacho huoni hata taa nyingi, mnasikia injini za maboti zinakuja kasi kutoka gizani, wanagombania kushika ubavu wa meli, watu wanashuka na kupanda kupitia mlango wa pembeni, mtoto anapitishwa mkono kwa mkono, magunia ya dagaa, mananasi, mahindi, godoro, kuku, cherehani, kila kitu kinapita hapo hapo. Nimesafiri nayo nikiwa daraja la tatu na nakumbuka hakuna aliyelala kwenye vituo hivyo, kila mtu anasimama kuangalia. Wageni wanapiga picha wanaona ni utalii mzuri sana. Kwa mama mwenye magunia kumi ya dagaa hapo ndo sehemu ya hatari kuliko zote kwenye safari na akiteleza mtaji wote umeenda na maji.

Kwa ruti ya namna hiyo hesabu za biashara za kawaida zinakataa. Meli ina uwezo wa abiria kama 600 na mzigo tani kama 200, ila inaungua mafuta umbali mrefu, inasimama sana, na wateja wake ni watu wa kipato kidogo ambao nauli ikipanda kidogo tu wanarudi kwenye boti za mbao. Juu ya hapo mzigo wake mkubwa ni samaki. 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei ili samaki wapumzike na wazaliane, na mimi naunga mkono kabisa maana ziwa lilikuwa linakwisha, lakini mnaona maana yake kwa meli, robo ya mwaka dagaa hawapo, mapato yanaanguka, wakati mishahara ya mabaharia haipumziki na abiria wa Lagosa bado anataka kwenda hospitali Kigoma. Kampuni inayopimwa kwa faida ikifika hapo itafanya kile ambacho kampuni yoyote itafanya, itapunguza safari. Safari zikipungua ratiba inakuwa haiaminiki, mfanyabiashara akishindwa kuiamini ratiba anahamia kwenye boti, mzigo unapungua zaidi, hela ya matengenezo inakosekana, kifaa kidogo kinaharibika kinaachwa, kinaharibu kikubwa, mwisho meli inafungwa. Ndivyo ilivyokuja kulala Kigoma miaka yote hii. Watu wanasema ilizeeka ikashindwa. Mimi nasema ilinyimwa matengenezo kwa sababu hakuna aliyekuwa analipia ruti, na meli yoyote, hata ya juzi, ukiinyima matengenezo miaka mitano inakuwa kuukuu.

Hapa nije kwenye hoja za wanaopinga, maana si zote ni za kupuuza. Hoja dhaifu kuliko zote ndo inayopigiwa kelele sana, kwamba meli ya zaidi ya miaka 100 ni jeneza, itaua watu. Jamani. Tuangalie ajali zetu wenyewe ambazo tumezika ndugu zetu. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996 karibu kabisa na Mwanza ikaua mamia ya watu na ilikuwa haijafikisha hata miaka 20. MV Nyerere ilipinduka Septemba 20, 2018 ikiwa inakaribia Ukara, zaidi ya watu 200 wakafa, ilikuwa imejengwa 2004, na ilikuwa imebeba zaidi ya mara mbili ya idadi inayoruhusiwa. Spice Islander I iliyozama Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba ilijengwa 1967, huyo sawa alikuwa mzee, lakini nayo kilichoizamisha ni kujazwa watu na mizigo kupita kiasi. Kinachofanana kwenye zote hizi ni idadi ya watu waliopanda, mpangilio wa mizigo na mkaguzi ambaye hakusema hapana. Umri haumo. Liemba yenyewe imefanya kazi karibu miaka 90 kwenye ziwa lenye upepo mkali wa kusini bila msiba wa aina hiyo, na maji baridi yasiyo na chumvi yameitunza bodi yake kwa namna ambayo baharini isingewezekana. Na bodi hiyo mabamba yake yamekuwa yakikatwa na kubadilishwa kila ukarabati, injini si zile za mwanzo, kwa hiyo hata huko kusema ina miaka 110 ni kusema umri wa umbo lake. Anayetaka usalama apeleke kelele zake kwenye orodha ya abiria, kwenye mizani ya mzigo, na kwenye TASAC wenye mamlaka ya kuzuia meli isitoke.

Hoja ya pili ina uzito, nayo ni ya gharama. Hela inayokwenda kukarabati meli ya kale ingeweza kuanza ujenzi wa meli mpya yenye nafasi kubwa, inayotumia mafuta kidogo, yenye rampu ya kuingiza magari na vyumba vya baridi vya samaki. Hili sitalibishia kwa nguvu. Ziwa Tanganyika linahitaji meli mpya na linaihitaji sana, hata MV Mwongozo ambayo ni mdogo wake Liemba, kwa miaka mingi nayo imekuwa haifanyi kazi, na ruti moja haiwezi kutegemea chombo kimoja kwa sababu siku kikiingia chelezo vijiji vyote vinabaki bila usafiri. Lakini meli mpya kubwa ina masharti yake. Inataka kina, inataka gati, inataka mzigo wa kutosha ili isitembee tupu, na vijiji vya mwambao havina hivyo vitu leo. Liemba ni nyembamba, inakaa kwenye maji yenye kina kidogo ukilinganisha, ina winchi zake za mzigo, imezoea kusimama nje ya kijiji na kuhudumia maboti. Na kwenye Ziwa Victoria tumeshaona kwamba kukarabati meli ya zamani sio ujinga, MV Victoria ya 1961 ilirudi kazini 2020 baada ya ukarabati mkubwa, ikaanza tena Mwanza na Bukoba, wakati ujenzi wa MV Mwanza mpya ukiendelea pembeni. Hakuna aliyelazimishwa kuchagua moja. Kwa nini Kigoma na Rukwa walazimishwe.

Ya tatu ni lami. Hii nayo ni hoja nzito, na wanaoitoa wengi wao ni watu wanaoijua mikoa ile. Wanasema siku hizi mtu anatoka Sumbawanga anapita Mpanda anaenda Tabora kwenye lami, barabara ya kwenda Kigoma nayo imesogea sana, basi linafika siku hiyo hiyo, nani apande meli ya siku mbili. Ni kweli kwa mtu wa Sumbawanga mjini. Lakini angalia ramani uone barabara hiyo inapita wapi, iko bara kabisa, mbali na maji. Mtu wa Kalya, wa Sibwesa, wa vijiji vilivyo chini ya milima ya Mahale, hiyo lami kwake ni habari ya redio. Hifadhi ya Mahale yenyewe toka ianzishwe 1985 haina barabara ndani yake, watalii wanaingia kwa ndege ndogo au kwa boti, na wakazi wa jirani hawana ndege ndogo. Na lami haivuki kwenda Kongo wala haiteremki na mzigo Mpulungu kwa bei ya meli. Kitu ambacho lami imefanya, na hapa wanaopinga wana pointi, ni kuiondolea Liemba abiria wa mbali wenye uwezo kiasi, wale waliokuwa wanalipa kabini kutoka Kigoma mpaka Kasanga. Wamebaki abiria wa vipande vifupi, Ikola mpaka Karema, Kirando mpaka Kipili, ambao ndo masikini zaidi na ndo hawana njia nyingine. Kwa hiyo lami imeifanya ruti iwe ngumu zaidi kibiashara huku ikiwa ya lazima zaidi kijamii, na hesabu za faida na hasara haziwezi kuliona hilo.

Anayeona hii ni huruma tu akumbuke kazi ambayo meli imefanya siku za dharura. 1997 ilitumiwa na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, kurudisha wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000 baada ya Mobutu kuanguka. Mei 2015 Burundi ilipochafuka makumi ya maelfu ya watu walijazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji pale mpakani, hakuna barabara ya maana, kipindupindu kikaingia, na Liemba ndo ikawa inakwenda na kurudi kuwatoa kuwaleta Kigoma, mia kadhaa kila safari. Mwaka ule ingekuwa imefungwa na injini zimetolewa, wale watu wangetolewa na nini? Ukanda ule una nchi nne zinazotazamana na mbili kati yake zimepitia vita au machafuko ndani ya kizazi kimoja. Kuwa na meli kubwa inayofanya kazi, yenye nahodha anayeijua kila kona ya mwambao, ni jambo la usalama wa nchi, na usalama wa nchi haujawahi kuulizwa umeingiza faida kiasi gani.

Wapo pia wanaotaka iwe makumbusho, ifungwe vizuri Kigoma, ipakwe rangi, watalii walipe kiingilio waone mashine. Na wapo wanaotaka iwe meli ya anasa ya kwenda Mahale na Gombe kuangalia sokwe. Nawaelewa wanapotokea, hii meli ni urithi kweli na ingekuwa nchi nyingine ingekuwa kwenye noti. Lakini makumbusho yanayoelea yanataka hela ya matunzo kila mwaka kama meli inayotembea, bila kuingiza hata tiketi moja ya Kirando, na Kigoma haipati watalii wa kutosha kulibeba hilo. Ile ya anasa itafanya kazi miezi michache ya kiangazi halafu itakaa. Na mimi nina sababu nyingine ya kuipinga, kwamba kinachowaleta wageni kwenye Liemba toka zamani ni kwamba ilikuwa meli ya watu, ina magunia, ina kuku, ina kelele za usiku. Ukiwatoa watu wa mwambao humo ndani ukabakiza chuma na viti vya ngozi umeua hicho hicho unachotaka kukiuza.

Walioweza kuunganisha hivi vitu wapo, nao ni Wanorwei. Wana safari ya mwambao inaitwa Hurtigruten, ilianza 1893, nahodha Richard With alikubali kuendesha meli ya ratiba kwenda kaskazini majira yote, kiangazi na baridi kali, usiku na mchana, kwa mkataba na serikali. Mpaka leo meli zinatoka Bergen zinapita bandari 34 mpaka Kirkenes karibu na mpaka wa Urusi. Ndani yake kuna mtalii aliyelipa hela nyingi kwa kabini ya safari nzima, na kuna mwanakijiji aliyekata tiketi ya bandari moja kwenda ya pili, na chini kuna mzigo. Wengi wanadhani inaendeshwa na utalii. Utalii unasaidia kweli, lakini kinachoishikilia ni mkataba: serikali inanunua huduma, inataja bandari zote zinazotakiwa kuguswa hata zile ndogo zisizolipa, inataja idadi ya safari, inalipa, na kampuni isipotimiza inakatwa. Toka 2021 mkataba huo umegawanywa kwa kampuni mbili, Hurtigruten na Havila, ili kuwe na ushindani. Na angalieni kilichotokea kwa meli zao za zamani, MS Lofoten ya 1964 ilibaki kwenye ruti mpaka miaka hii ya karibuni, watu wakiipenda kwa sababu ya ukale wake, na ilipoondolewa ikaenda kuwa meli ya kufundishia mabaharia vijana. Ruti haikutetereka hata kidogo. Meli zimekuja zimeenda zaidi ya miaka 130, ratiba imebaki.

Najua mtu atasema sisi sio Norwei, wao wana mafuta. 1893 hawakuwa na mafuta, walikuwa nchi ya wavuvi wenye mwambao mgumu usiopitika kwa barabara, na ndo maana nimewachukua wao kama mfano. Walichokuwa nacho ni uamuzi kwamba mtu wa mwambao ana haki ya usafiri wa uhakika kama mtu wa bara, na uamuzi huo ukaandikwa kwenye mkataba wenye tarehe na kiasi. Sisi wenyewe tunafanya hivyo hivyo tukitaka. Vivuko vya TEMESA, wakala wa serikali, havitegemewi vilipe gharama zake zote kwa nauli, serikali inachangia, na hakuna anayesema Ukerewe wajitegemee. Barabara ya lami haijawahi kuulizwa faida yake kwa mwezi. Kwa nini maji ya Tanganyika tu ndo yalazimike kujilipia?

Ukikubali hilo basi mambo ya kudai kwenye ukarabati huu yanabadilika kabisa. Kwanza mkataba wa huduma kati ya wizara na TASHICO, uwe wazi, useme safari ngapi kwa mwezi, vituo vipi, nauli ya juu ya daraja la tatu ni kiasi gani, na serikali inafidia kiasi gani kwa kila safari iliyotimizwa. Kampuni ikikosa safari bila sababu isilipwe. Hiyo inampa meneja sababu ya kununua spea mapema badala ya kusubiri injini ife. Ndani ya mkataba huo huo kuwe na mfuko wa matengenezo usioguswa, na siku za chelezo zitangazwe mwaka mzima kabla ili wafanyabiashara wajipange.

Halafu gati, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndo sehemu inayoua watu polepole na haiandikwi. Bandari ya Karema imejengwa vizuri na ni jambo la kushukuru, Kasanga ipo, Kigoma ipo. Katikati ya hapo mtu bado anaruka kutoka kwenye boti kwenda kwenye mlango wa meli usiku wakati wa mawimbi. Hatuhitaji bandari kubwa kila kijiji. Vinahitajika vigati vidogo vya kuelea sehemu tano au sita zenye watu wengi, na lazima viwe vya kuelea maana maji ya ziwa hili yamepanda sana miaka hii, yamekula fukwe na kufika kwenye majengo, gati la zege lililopimwa kwa maji ya miaka 20 iliyopita linaweza kujikuta chini ya maji. Pale ambapo gati haiwezekani basi boti zinazopokea abiria zisajiliwe, ziwe na jaketi za kuokolea, zipangwe zamu badala ya kugombania, na meli iwe na ngazi inayoshuka vizuri na taa kali upande wa mlango. Hivi ni vitu vidogo kabisa kwa gharama ukilinganisha na injini, ila vikiachwa nje ya bajeti ya ukarabati havitakuja kufanyika baadae, tunajijua.

Lingine ni Zambia. Mpulungu ndo bandari pekee ya Zambia, na mwisho wa ruti ukikosa mzigo wa kurudi nao meli inapanda tupu kilomita mia kadhaa. Safari ya Liemba ilikuwa inakwama pale mara nyingi kwa mambo ya forodha na uhamiaji, wafanyabiashara wadogo wanakaguliwa kwa masaa. Nchi hizi mbili ziko kwenye jumuiya ya SADC pamoja, zina reli ya TAZARA pamoja, zinashindwaje kukubaliana utaratibu wa dirisha moja kwa meli inayokuja mara chache kwa mwezi? Na reli mpya ya SGR ya kwenda Kigoma ikikamilika hoja hii itakuwa kubwa zaidi, maana treni ya kisasa itafika ukingoni pale pale ilipofika ile ya Mjerumani 1914 na swali litakuwa lile lile la mzigo unaendelea na nini. Meli moja ya abiria haitoshi kwa mzigo wa SGR, zitahitajika za mizigo, lakini mwambao wenye ratiba inayoeleweka na gati zinazofanya kazi ndo utakaowavuta hao wenye meli za mizigo.

Kwa hiyo siku Liemba itakapozinduliwa, na naamini itazinduliwa na nitafurahi sana, kutakuwa na utepe na hotuba na picha nyingi za rangi mpya. Wabunge wa Kigoma, Katavi na Rukwa wasiridhike na hizo picha. Waulize bungeni, kwenye bajeti ya uchukuzi ya mwaka unaofuata uzinduzi, kuna fungu gani la kuendesha safari za Ziwa Tanganyika, limeandikwa kiasi gani, na linalipwa kwa kigezo cha safari ngapi. Na waulize tena mwaka unaofuata, kwenye ile miezi mitatu uvuvi umefungwa, meli ilitoka Kigoma mara ngapi.